Betri ya Mashua, na Injini Iliyokataa Kuwaka

Mtu aonapo mashua ya matanga ikipita mbali baharini, nyeupe kama yangeyange, hudhani ya kuwa chombo kile chaenda kwa upepo tu, wala hakihitaji kitu kingine. Hapo kale ndivyo ilivyokuwa. Wazee wetu walikwenda Maskati kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na upepo ulipokoma walivuta makasia, au walikaa wakangoja. Lakini mashua za siku hizi, hata zile zenye matanga makubwa, nyingi zina injini ya dizeli iliyofichwa chini ya ngazi, nayo injini hiyo huamshwa kwa umeme wa betri. Basi wakati wa shwari, au wakati wa hatari, nguvu za chombo kizima zimo ndani ya kisanduku kimoja kizito ambacho abiria hakioni wala hakiulizi habari zake.

Mashua za namna hii hukodishwa kwa wageni katika visiwa vya Ugiriki, katika pwani ya Kroatia, na katika visiwa vya Karibi. Hata katika pwani yetu zipo, kama vile Unguja na Kilifi. Mwenye chombo chake mwenyewe hujua kila msumari. Mwenye kukodi hukabidhiwa chombo jioni, na kesho yake asubuhi yumo baharini pamoja na watoto wake, naye hajui hata betri iko wapi. Kwa sababu hiyo nimeandika somo hili. Huenda baadhi yenu mtakuwa mabaharia au mafundi wa vyombo hivyo, na wageni watawategemea ninyi.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Mwaka mmoja, katika mwezi wa Machi, wakati wa malelezi, walimu wanne tulikodi mashua ya matanga katika hori la Kilifi. Alikuwapo nahodha wake, mzee aliyekuwa chongo wa jicho la kushoto, na mpwa wake, kijana wa miaka kumi na saba. Tulitoka saa moja asubuhi, maji yakipwa, na upepo mwanana ukatuchukua nje bila injini. Mchana kutwa tulivua na kuimba. Hata ilipopata saa kumi na moja jioni tukageuza omo kurudi nyumbani, na hapo upepo ukafa. Tanga likaning'inia kama nguo juu ya kamba. Maji yalikuwa yakipwa tena, yakitoka horini kwa nguvu, na mawimbi marefu ya bahari kuu yalikuwa yakitusukuma polepole upande wa mwamba. Tuliona povu jeupe, kisha tukasikia na sauti yake.

Nahodha akabonyeza swichi ya injini. Ilisema, "Tik!" ikanyamaza. Akabonyeza tena. "Tik!"

Sisi tulidhani atashuka mara moja kuitazama injini. Hakushuka. Akamwambia mpwa wake, "Nanga kwanza, mwanangu." Wakaiteremsha nanga katika kina cha pima saba, wakalegeza amari ndefu, wakangoja mpaka chombo kikakaza na kusimama. Hapo ndipo mzee alipofuta jasho akasema, "Sasa tunao muda wa kufikiri." Nalitazama jambo hili sana. Injini isiyowaka haijamwua mtu. Kinachoua ni mwamba, na haraka ya mtu anayeuogopa mwamba.

Kijana alikuwa amekwisha kufungua sanduku la betri, na mkononi ameshika spana kubwa. Alitaka kuunganisha vyuma viwili vya stata kwa spana ile, kama alivyoona mafundi wa gari wakifanya barabarani. Nahodha akamshika mkono. "Weka chini spana. Fungua madirisha yote na mlango wa juu, upepo uingie. Kisha uje tukae hapa juu kitambo kidogo."

"Lakini mjomba, giza laingia!"

"Giza halina haraka kuliko moto, mwanangu."

Nitawaacha hapo kidogo juu ya amari yao, ili mwelewe ni kwa nini mzee alisema hivyo.

Betri ni kitu gani? Katika mwaka 1800 Mwitalia mmoja, jina lake Alessandro Volta, alitangaza ya kuwa amepanga visahani vya madini ya namna mbili, kimoja juu ya kingine, na kati yao vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Akapata umeme unaotoka mfululizo bila kukoma. Kipimo cha volti chaitwa kwa jina lake. Lakini betri yake ilipokwisha, ilikuwa imekwisha. Mfaransa Gaston Planté, katika mwaka 1859, alitengeneza betri ya risasi na asidi, ambayo ikiisha yaweza kujazwa tena, na hiyo ndiyo mama wa betri tuzionazo leo katika magari na mashua nyingi. Ndani yake mna vyumba sita. Kila chumba kina sahani za risasi zilizozama katika maji yaliyochanganywa na asidi ya salfa, na kila chumba hutoa volti 2 hivi. Kwa hiyo vyumba sita vyatoa volti 12. Betri inapotumika, asidi huingia katika sahani na maji hubaki mepesi. Inapojazwa, asidi hurudi majini. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.7 hivi katika mita, ikionyesha 12.2 imebaki nusu tu. Ikiwa chini ya 12, yaomba kujazwa upesi.

Sasa sikilizeni. Betri ikiisha kujaa, na umeme ukazidi kuingizwa, umeme ule hauna kazi tena ila kuyavunja maji yaliyomo. Maji huvunjika kuwa gesi mbili, oksijeni na hidrojeni. Hidrojeni haina rangi wala harufu. Ikichanganyika na hewa, hata ikiwa sehemu 4 tu katika sehemu 100, cheche moja ndogo yatosha kuilipua. Kwa bahati njema ni gesi nyepesi sana, nyepesi mara 14 kuliko hewa, hivyo hupanda juu na kutoka, ikiwa ina njia. Lakini tumbo la mashua ni kama chupa. Mtu akilifunga kila tundu ili mvua isiingie, gesi hukaa chini ya dari ikimngoja mwenye kiberiti. (Gesi ya kupikia, na mvuke wa petroli, ni kinyume chake: ni vizito kuliko hewa, hushuka hata kwenye ngama na kulala humo. Baharia mwenye akili huchunga juu na chini.) Tena msidhani ya kuwa betri iliyokufa haina gesi. Yaweza kuwa nayo bado katika vyumba vyake, karibu kabisa na pale mtu anapofunga waya.

Asidi nayo ni adui wa pili. Huchoma ngozi, hutoboa nguo, na jicho huliharibu kwa dakika chache. Na ikiwa maji ya bahari yataingia katika betri, chumvi yake na asidi huzaa gesi ya klorini, ambayo hukaba pumzi. Mabaharia wa nyambizi katika vita kuu zote mbili waliiogopa gesi hii sana, kwa kuwa walikaa na betri nyingi mno ndani ya chombo kilichozibwa pande zote. Kwa hiyo betri ya mashua hutiwa ndani ya sanduku lisiloliwa na asidi, lenye kifuniko chenye matundu ya hewa, tena hufungwa kwa mikanda imara isisogee hata chombo kikilala ubavu.

Adui wa tatu ni yule watu wanayemdharau. Volti 12 hazimrushi mtu. Ukigusa vichwa viwili vya betri kwa vidole vikavu husikii kitu, na kwa hiyo mjinga husema, "Umeme huu ni mdogo." Lakini anguka na spana juu ya vichwa vile viwili, nawe utaona! Ampea mia nyingi hupita katika chuma kile kwa mara moja. Chuma huwa chekundu kama katika kiwanda cha mhunzi, hushikamana na betri, na cheche hutapakaa. Pete ya kidoleni ikigusana na spana katika hali hiyo huunguza nyama pande zote kabla mtu hajaweza kuivua. Fundi mzuri huvua pete na saa yake kwanza, huvaa miwani ya kulinda macho, na hufunga kitambaa kikavu katika mpini wa spana.

Tena kuna utaratibu. Unapofungua betri, anza na waya wa upande hasi, wenye alama ya kutoa. Unapoifunga, upande hasi uwe wa mwisho. Je, mwaweza kueleza sababu? Katika mashua nyingi upande hasi umeunganishwa na chuma cha injini. Basi ukianza na upande chanya, na spana yako ikagusa injini, umeziba njia kutoka chanya hata hasi kwa spana, na cheche itaruka. Lakini ukiisha kuuondoa waya wa hasi, spana yaweza kugusa injini utakavyo wala lisitokee jambo.

Na turudi kwa nahodha. Tulipokuwa tumekaa juu, tukisikiliza mwamba ukinguruma, alitueleza habari za jicho lake. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika gereji. Betri ilikuwa ikijazwa usiku kucha katika chumba kilichofungwa, na asubuhi aliambiwa aitoe. Naye, badala ya kuizima mashine ya kujazia kwanza, akavuta kibano cha waya huku umeme ukipita bado. Ikaruka cheche ndogo kama ya jiwe la kiberiti. Betri ikapasuka kwa mshindo wa bunduki, na asidi ikampiga usoni.

"Mwalimu," akaniambia, "bomba la maji lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale nilipoanguka. Lakini walionipenda walinipangusa uso kwa kitambaa, wakanipakia garini, wakanikimbiza kwa daktari. Njia ilikuwa ndefu. Daktari akasema, kama mngalimwosha kwanza, jicho lingalipona."

Hapa nitasimama kidogo, maana neno hili ni kubwa kuliko yote katika somo hili. Mtu akiingiwa na asidi jichoni, msimfute, msimtie dawa, msingoje gari. Mlazeni, fungueni kope zake kwa vidole, mkamiminie maji safi mengi polepole kwa muda wa dakika ishirini nzima, kisha mpelekeni kwa daktari, na ikiwezekana mzidi kummiminia njiani. Nguo zilizolowa asidi zivuliwe. Asidi iliyomwagika sakafuni hupozwa kwa unga wa soda ya kuokea mikate, lakini soda isitiwe jichoni kamwe.

Kitambo kilipopita nahodha akashuka, nami nikamfuata na taa ya mkononi. Akatazama swichi kubwa ya betri, akapiga kofi. Mashua ile ilikuwa na betri mbili: moja ya stata peke yake, na moja ya taa, redio na jokofu. Swichi ile ina mahali pa kuchagua betri ya kwanza, au ya pili, au zote mbili pamoja, au kuzima. Usiku uliotangulia mtu aliiacha kwenye "zote mbili". Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Jokofu hula ampea 5, lakini hufanya kazi nusu ya saa zake. Kwa saa 12 limekula ampea 5 mara 6, ndiyo 30. Taa hula ampea 2, kwa saa 10, ndiyo 20. Jumla ni 50. Betri zile mbili zilipokuwa mpya kila moja ilibeba 70, pamoja 140. Lakini zilikuwa zimezeeka, zimebaki na nusu ya nguvu zake, yaani 70. Toa 50: imebaki 20, yenye kutosha kuwasha taa, wala haitoshi stata, ambayo kwa mara moja hutaka ampea mia mbili au kuzidi. Kama swichi ingaligeuzwa ipasavyo, jokofu lingalimaliza betri yake peke yake, na ya stata ingalikaa imejaa.

"Kosa ni langu," akasema nahodha. "Asubuhi nalipaswa kuijaribu injini kabla ya kung'oa nanga. Niliuona upepo, nikauamini."

Kama mashua nyingine ingalikuwa karibu, tungaliweza kuazima umeme wake. Kazi hii huhitaji nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, na betri ya volti zile zile. Betri ya 24 haisaidii ya 12, huiharibu. Waya mwekundu hufungwa kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya ile nzima. Mweusi hufungwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho haifungwi katika betri iliyokufa, bali katika chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Ncha ya mwisho ndiyo irushayo cheche, nasi hatutaki cheche juu ya gesi. Injini ikiisha kuwaka, nyaya huondolewa kwa kurudi nyuma: iliyofungwa mwisho huondoka kwanza.

Lakini jioni ile hapakuwa na chombo kingine karibu nasi. Palikuwa na kitu kimoja tu: injini ile ilikuwa ya zamani, ya silinda mbili, yenye hendeli ya kuzungushia kwa mkono. Injini nyingi mpya hazina hendeli, nami naona ni hasara.

Mwaweza kuuliza, injini yawezaje kuwaka bila umeme? Mmepata kupuliza baiskeli kwa pampu? Mmeona jinsi pampu inavyopata moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Rudolf Diesel, Mjerumani, alitumia jambo hili, na katika mwaka 1897 injini yake ilifanya kazi vema. Pistoni huibana hewa hata ijae katika nafasi ndogo, kama sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya kwanza; joto lake hupita digrii 500, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Haihitaji cheche, yahitaji mzunguko wa nguvu tu. Ila kuibana hewa hivyo kwa mkono wa mtu ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo juu ya injini ile palikuwa na vijiti viwili vya chuma, ambavyo vikiinuliwa vali hukaa wazi na hewa hutoka bila kubanwa. Mtu huzungusha kwa wepesi mpaka gurudumu zito la injini lipate mwendo, kisha vijiti hushushwa ghafula, na uzito wa gurudumu humalizia kazi.

Nahodha alizima taa zote na jokofu, ili betri isizidi kunyonywa. Akasema, "Funga bilula ya maji ya bahari." Hilo sikulielewa, akanieleza baadaye. Injini huvuta maji ya bahari ili ipoe, na maji hayo hutoka nje pamoja na moshi. Ikizungushwa mara nyingi bila kuwaka, hakuna moshi wa kuyasukuma. Maji hujaa katika bomba, hurudi nyuma hata kuingia katika silinda, na injini huharibika kabisa. Wengi waliobonyeza stata mara kumi na tano wameizamisha injini yao hivyo. Stata yenyewe nayo isibonyezwe zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, isije ikaungua.

Kijana akashika hendeli. "Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine," akasema nahodha, "usikizungushie. Hendeli ikirudi nyuma itakivunja. Wala usiiache mpaka ijitoe yenyewe." Mimi nikapewa vijiti. Kijana akazungusha, mara ya kwanza polepole, halafu upesi, upesi zaidi. "Shusha!" Nikashusha. Injini ikakohoa mara moja, ikasimama. Nje mwamba ulizidi kunguruma, kwa kuwa maji yalikuwa yamepungua.

Tulijaribu mara ya pili, ikakataa. Kijana alikuwa akihema. Nahodha akasema, "Sasa tuusaidie mkono wako kwa hayo machache yaliyobaki katika betri." Kijana akazungusha, vijiti vikiwa juu, na mzee akabonyeza stata, ambayo sasa haikuwa na mzigo wa kubana hewa. Gurudumu likaimba. "Shusha!" Silinda ya kwanza ikashika, tuk, tuk, kisha ya pili. "Bilula! Fungua bilula!" Kijana akairukia, na punde maji yakasikika yakimwagika nje upande wa tezi.

Tangu siku ile nimesoma habari ya baharia Mfaransa, Michel Desjoyeaux, aliyeizunguka dunia peke yake katika mashindano ya matanga ya mwaka 2000 na 2001. Stata ya injini yake ya kutengenezea umeme iliharibika katikati ya safari. Akatumia kamba na makapi, akaunganisha injini na mti wa chini wa tanga lake kubwa. Upepo ulipolivuta tanga, kamba ikaizungusha injini ikawaka. Alifika wa kwanza katika Februari 2001, baada ya siku 93. Msijaribu jambo hilo, maana kamba iliyonasa katika gurudumu la injini hukata mkono. Lakini fikirini jinsi upepo wenyewe ulivyoiamsha injini.

Tuling'oa nanga yetu gizani, tukaingia horini polepole dhidi ya mkondo, taa za daraja zikionekana mbele. Tulipofika mahali pa kufunga, nahodha hakuizima injini, bali aliiacha ifanye kazi saa nzima zaidi, madirisha yakiwa wazi, ili betri zipate kurudishiwa haki yao. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema, akanyosha mkono ageuze ile swichi kubwa ya betri. Kijana akamzuia, akasema, "Samahani, mwalimu, injini ikiwa yazunguka swichi hii haizimwi; umeme hukosa pa kwenda, ukaunguza jenereta." Kisha akakaa chini kwenye ngazi, mbele ya swichi ile, mikono yake ikiwa na malengelenge ya hendeli, wala hakuondoka hapo mpaka mjomba wake alipoizima injini.